Sahani ya Nukta Nne

Mama yangu, Bi Time, ana tabia moja iliyonifedhehesha London nzima. Akiletewa chakula nyumbani kwa watu, kabla hajakionja, huinua sahani juu ya kichwa na kuchungulia chini yake. Amefanya hivyo Queensbury, amefanya hivyo Harrow, amefanya hivyo kwenye maulidi mbele ya wageni wazima. Chini ya sahani, anasema, ndiko ziliko habari za mwenyewe. Kwetu Unguja, na hata huku Wembley tunapokusanyika kwenye shughuli, kila mwanamke hutia alama vyombo vyake kwa chini visije vikahamia kwa wenziwe. Alama ya mama ni mstari mmoja mwekundu wa rangi ya kucha.

Mimi humwona mpekuzi, naye husema mpekuzi ni mimi, nimemrithi yeye na nikazidisha. Pengine ni kweli. Lakini mimi angalau huuliza kwa mdomo.

Kuna jambo jingine la kwetu lazima nilitaje mapema. Sahani iliyokuja na chakula hairudishwi tupu. Jirani akikuletea mkate wa kumimina, wewe sahani yake utairudisha na visheti, na ukikosa visheti utatia hata sukari au mayai mawili. Kuirudisha tupu ni sawa na kumwambia mtu kwamba wewe na yeye ndiyo basi.

Mwaka 1999 nilikuwa nauza tiketi za ndege katika ofisi ya Vinod, pale Kingsbury Road, baina ya duka la sari na duka la vitafunio vya Kigujarati. Vinod ni Mhindi wa Tanga, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha vijana wetu wengi waliozaliwa hapa. Wateja wetu walikuwa wa Nairobi, Bombay na Dar es Salaam. Ndipo siku moja Vinod akaja na wazo la Ufaransa.

"Fikiri, Nusra," aliniambia. "Watu wetu hawaendi likizo Ulaya kwa nini? Chakula! Hoteli utamwambia nini mtu asiyekula nyama wala mayai? Sasa mpe nyumba yenye jiko lake, apike dal yake, watoto wakimbie shambani. Cottages, Nusra. Cottages!"

Alikuwa amelipata shamba moja Normandy, kwa kubahatisha, kupitia tangazo la gazetini. Lilikuwa shamba la ukoo mmoja tangu zama za wafalme wao, na mwenyewe, Madame Odile, alikuwa akilisimamia na mwanawe Étienne. Majengo matatu ya zamani walikuwa wameyageuza kuwa nyumba za likizo: nyumba ya tanuri la mikate, zizi la farasi na ghala la kukamulia tufaha. Vinod alitaka ayakodishe yeye peke yake kwa watu wa London.

"Wakikubali, meza ya Ufaransa ni yako," alisema. "Wasipokubali nafunga habari hiyo, na sitakuficha, tiketi zenyewe siku hizi zinatosha kazi ya mtu mmoja."

Sikuhitaji kuuliza mtu huyo mmoja ni nani. Praful, shemeji yake Vinod, alikuwa amekaa meza ya pili anakula chevda ya duka la jirani na kumwaga makombo kwenye kibodi. Nilipania kuipata ile meza ya Ufaransa kuliko nilivyopata kupania kitu chochote London.

Basi Vinod akatutuma mimi na mama tukakague majiko. Alimtaka mama hasa, kwa sababu aliwahi kula bokoboko lake bila nyama (alimpikia mbali, maskini) na akaamini kwamba hakuna jiko litakalomdanganya Bi Time. Tukapanda basi la Victoria, tukavuka kwa meli, na Étienne akatupokea bandarini na gari lenye harufu ya ng'ombe.

Sitalieleza shamba kwa urefu, maana kuna watu wanalipwa kufanya hivyo, na baadaye mmoja wao nikawa mimi. Nitasema tu kwamba mlangoni pa nyumba kubwa palichongwa 1743 kwenye jiwe, na kwamba mama aliposomewa mwaka huo aliligusa lile jiwe kwa kiganja. Kwetu sisi nyumba ilitutoka kwa siku moja. Ule ufleti wa halmashauri pale Wembley tulioukaa miaka chungu nzima, mama hajapata kuuita nyumba. Huuita "pale tunapolala".

Walituweka katika nyumba ya tanuri. Mezani tulikuta sahani kubwa ya udongo ya kijani, kingo zake zimekunjwakunjwa kwa vidole, na juu yake keki ya jozi. Mama aliuliza kwanza kama ina pombe, Étienne akaapa kwamba haina. Kisha, kama nilivyojua, akaihamisha keki na kuipindua sahani.

Chini palikuwa na nukta nne za rangi ya buluu.

"Subhanallah," mama alisema, na uso ukamchangamka. "Hawa nao wana alama!"

Akapindua vyombo vyote vya kabatini. Kila kimoja kilikuwa na nukta moja. Kesho yake, tulipokwenda kukagua majiko mengine, zizi lilikuwa na vyombo vya nukta mbili, ghala vya nukta tatu. Kila nyumba ilikuwa na hesabu yake, kama vyombo vya shughuli, na mama aliwapenda watu wale papo hapo. Ila nyumba zilikuwa tatu, na sahani yetu ilikuwa na nukta nne.

"Huyu wa nne ni nani?" aliniuliza. "Kaulize."

Na mimi, sitaki kusema uongo, nilikuwa nawashwa kuliko yeye. Upande wa pili wa ua palikuwa na nyumba ndogo ya mawe yenye pazia la buluu, na pazia lile lilikuwa haliishi kucheza kila tulipopita. Nikamwonyesha Étienne na kumuuliza kama nayo ni miongoni mwa nyumba za likizo. Alikuwa kijana mchangamfu, lakini pale alinijibu kwa mkato.

"Ile haikodishwi."

Hatukupata zaidi. Majiko yalikuwa mazuri, moto wake ulilimudu sufuria kubwa, na siku ya kuondoka tuliagana na Madame Odile mlangoni. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mikono mikubwa ya kazi. Mama alibaki naye nyuma wakati mimi napakia mizigo, nikawaona wakisemeshana kwa mikono, mmoja kwa Kiswahili na mwenzake kwa Kifaransa, na nikafurahi kwamba wanaagana vyema.

Jumatatu simu ililia ofisini na Vinod akaipokea. Nilimwona akisimama. Kisha akakaa. Alipoiweka simu alizungumza taratibu sana, na Vinod akizungumza taratibu ujue mambo yameharibika.

"Nusra, Étienne anasema sahani ya zamani imepotea nyumba mliyolala. Ya ukoo. Anasema huko shambani ni fujo tupu, na mambo ya mkataba yamesimama. Mmeiona?"

Nilimjibu kwamba sisi si wezi. Nilimjibu kwa sauti kali hata mteja mmoja wa Dar es Salaam akachukua pasipoti yake na kwenda kusimama nje. Nilimwambia mama yangu ameacha nyumba nzima Unguja, na samani zake na kila kitu, hakuomba hata kijiko, leo atamwibia mtu sahani? Praful aliacha kutafuna. Hasira zilinipeleka mpaka kituoni, zikanipandisha basi, na bado zilikuwa zinachemka nilipofungua mlango wa ufleti wetu na kuikuta sahani ya kijani katikati ya meza ya jikoni, imeoshwa, inang'ara.

Mama alikuwa anatwanga iliki.

"Mama!"

"Umekuja mapema. Nisogezee unga huo."

"Mama, hii sahani umeichukua!"

"Ala, nimeichukua ndiyo. Ningeirudishaje tupu?" Alinitazama kama mtu aliyemzaa mjinga na ndio kwanza agundue. "Yule mama katupa keki. Mimi nilikuwa sina iliki, sina samli, na kile kiduka chao hakina lolote ila jibini. Nikamwambia naichukua, naijaza, naileta. Akanikubalia kwa kichwa."

"Ulimwambia kwa lugha gani?"

"Kwa lugha ya watu wazima."

Nilikaa kitini. Nikamweleza: wanasema imeibiwa, Vinod ananitazama kama mwizi, meza ya Ufaransa ndiyo inakwenda, na Praful ndiye atakayebaki na kazi. Mama aliweka mchi chini. Neno kuibiwa lilimwingia, nikaona mkono wake umekwenda kifuani.

"Yule mama amesema mimi mwizi?"

"Mwanawe ndiye aliyepiga."

"Sikukuuliza mwanawe. Nataka kuzungumza na mwenyewe."

"Hajui Kiingereza, mama. Wala wewe hujui Kifaransa."

"Na Nabintu?"

Mama Nabintu alikuwa jirani yetu wa chini, Mkongo wa Bukavu, anayefanya kazi ya kutunza wazee. Kifaransa alikisoma kwa masista na Kiswahili alinyonya nacho, ingawa mama hukilalamikia Kiswahili chake kila siku na kumfuata kila siku akazungumze naye. Alipanda juu na kandambili zake, akavuta kiti karibu na simu, nami nikapiga nambari ya shamba. Tulibanana sote watatu kwenye mkono mmoja wa simu. Kiingereza hakikuwa na nafasi hata ya kusimama.

Madame Odile ndiye aliyepokea. Mama Nabintu alisikiliza kwa muda mrefu, akiitikia "oui, oui", na mama akimtia kiwiko mbavuni.

"Anasema nini? Sema basi!"

"Ngoja kwanza! Anasema hivi: yeye alijua. Ulimwambia na mikono, akasikia muzuri. Mwizi hapana. Mutoto wake ndiye hakuambiwa."

Mama alishusha pumzi ndefu.

"Muulize nukta nne ni nani," nikadakia. Sikuweza kujizuia. Kazi yangu ilikuwa inaning'inia, nami nauliza habari za nukta.

Mama Nabintu akauliza. Safari hii jibu lilikuwa refu zaidi, na sauti ya kule ng'ambo ikawa inakatikakatika. Akatupa vipande vyake kimoja kimoja. Nukta nne ni dada yake, Marthe, anayekaa nyumba yenye pazia. Shamba ni la wote wawili. Walikuwa wakipelekeana chakula kuvuka ule ua tangu wasichana, sahani inakwenda na kurudi, na kwao pia ni aibu kuirudisha bila kitu. Odile alipoligeuza tanuri la baba yao kuwa nyumba ya wageni, Marthe alisema amewauzia watu baki kumbukumbu zao, na tangu siku hiyo hawakusemeshana. Sahani ya mwisho ya Marthe ilibaki kabatini kwa Odile.

"Anasema, kurudisha bure aliogopa. Kurudisha na kitu, pia aliogopa. Sasa alichoka kuiangalia, akaweka keki ya wageni. Na wewe wakati ulimwonyesha utaijaza, akasema moyoni, aah, basi mtu mwingine aijaze."

"Masikini," mama alisema. "Na hizo fujo?"

Mama Nabintu alisikiliza tena, kisha akaanza kucheka, na ikambidi aifunike simu kwa kiganja.

"Marthe aliona kwa dirisha. Aliona wewe unaenda na sahani yake. Akatoka! Akavuka kiwanja, akapiga mulango, akamlalamikia dada yake siku muzima. Miaka yote hii hakuvuka. Anasema, sahani irudi kwake kwanza, ndiyo atasikia mambo ya batu ya London. Bila yeye hakuna kusaini."

Mimi nilisikia "hakuna kusaini" tu. Mama yeye alikuwa amesikia jambo jingine kabisa.

"Amevuka," alisema. "Amekuja kugombana, lakini amekuja."

Akarudi kwenye kinu chake. Visheti alivyovipika jioni ile vilijaza jikoni, na kwenye sukari hakubania mkono. Aliijaza sahani ya kijani mpaka ikawa na kilele. Kisha akafungua kabati la juu, akatoa sahani yake nyeupe ya maua mekundu, mojawapo ya zile chache alizotoka nazo Unguja zimefungwa ndani ya nguo, na akaijaza nayo.

"Hiyo ya nini?"

"Ya kijani inakwenda kwa Marthe. Hii ni ya Odile, keki ilikuwa yake."

"Mama, hiyo itapotea! Huipati tena."

"Ina alama," alisema. Nilitaka kubishana, lakini nilimjua. Alikuwa anampa Odile sahani ambayo hataweza kuirudisha tupu.

Kazi ya kuzipeleka ilimwangukia Praful, kwa amri ya Vinod, ambaye sasa alikuwa tayari kupeleka hata jiko lenyewe mradi mkataba utoke. Mama alimpakatisha sanduku palepale ofisini na kumfunza namna ya kukaa nalo, magoti pamoja, mikono juu. Akamwonya asidokoe. Praful aliporudi alisema bahari ilimtapisha safari nzima lakini sanduku hakulilegeza, na kwamba Étienne alilipokea bandarini kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Kwa mara ya kwanza nilimpenda kidogo.

Kisha kukawa kimya.

Nilikuwa nikitazama mashine ya faksi kuliko nilivyotazama wateja. Nilimwona Vinod amechora kwenye karatasi mpangilio mpya wa ofisi, na mpangilio ule ulikuwa na meza moja. Nilipiga shambani, Étienne akaniambia mama yake na mama yake mdogo wanazungumza, na kwamba yeye amefukuzwa jikoni. Wanazungumza nini? Hajui. Nikirudi nyumbani mama huniuliza, "Sahani?" nami humjibu, "Mkataba?" na kila mmoja wetu huona mwenzake hana akili. Nilikwisha kuanza kuulizia kazi Heathrow.

Kifurushi kilifika siku ya mvua, kimeandikwa jina la Bi Time kupitia anwani ya ofisi. Vinod alikuwa ameshika mkasi tayari. Nilimwambia kina mwenyewe. Nikampigia mama, akaja kwa basi na mwavuli wake, tukamsubiri sote kama anayekuja kufungisha ndoa. Alivua koti, akaketi kwenye kiti changu na kuifungua ile kamba kwa vidole, hakutaka mkasi.

Juu kabisa palikuwa na mkataba. Vinod aliudaka, akaufunua ukurasa wa mwisho, na nikaona majina mawili yaliyotiwa saini, moja limenyooka, jingine limelala kama limeandikwa kwa hasira. Odile na Marthe. Vinod alinishika bega akanitikisa, akasema meza ni yangu, akamwambia Praful anisogezee ile ya dirishani.

Mama hakutugeukia. Alikuwa anatoa magazeti ya Kifaransa, moja baada ya jingine, mpaka akaifikia sahani yake nyeupe. Ilikuwa imejaa jozi zilizobanguliwa, safi, kitu ambacho hata Vinod angekila. Alizimimina mezani pangu zote, zikaviringika mpaka kwenye kibodi. Kisha akaiinua sahani juu ya kichwa.

Safari hii hakuna aliyeona aibu. Sote tuliinama kuchungulia.

Mstari mwekundu wa rangi ya kucha ulikuwepo pale pale. Kando yake walikuwa wameongeza nukta za buluu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Za mwanzo zilikuwa za mkono mmoja na zile mbili za mwisho za mkono mwingine, kubwa zaidi, zimebonyezwa kwa nguvu.

Mama aliishusha sahani akaiweka mapajani. Alipitisha kidole juu ya nukta ile ya mwisho, polepole, akakipitisha tena, na macho yakamjaa.

"Tano?" Vinod alisema, tayari ana kalamu. "Kumbe wana ya tano na hawakutuambia! Nusra, andika, tuitie kwenye tangazo. Iko upande gani?"

"Iko Wembley," mama alisema. "Ni nyumba yangu. Haikodishwi."